Mashine ya Gemu Ilipojua Kubisha Hodi

Ukiwasha PlayStation 3 iliyounganishwa na ruta ya nyumbani, kabla hujagusa padi, mashine hiyo inabisha hodi. Inatuma ujumbe wa mistari michache kwenye anwani ya 239.255.255.250, mlango namba 1900, na ujumbe huo hauelekezwi kwa kifaa kimoja bali kwa chochote kilichomo kwenye mtandao wa nyumba: kuna yeyote hapa mwenye picha, muziki au video? Simu inasikia na kukaa kimya kwa kuwa haihusiki. Printa nayo inanyamaza. Kompyuta iliyoko chumbani, yenye programu ya kugawa video, inaitikia: nipo, jina langu ni hili, na orodha ya nilivyo navyo utaipata kwenye anwani hii. Mashine inaifuata anwani, inasoma orodha, na chini ya alama ya video kwenye skrini ya runinga panatokea jina la kompyuta. Yote hayo yanakwisha ndani ya sekunde chache. Ukichagua filamu, kompyuta haiitumi nzima kwa mkupuo. Mashine inaomba kipande baada ya kipande, na ukiruka mbele dakika 20 inaomba vinavyoanzia hapo na kuviacha vya katikati. Hakuna neno la siri, hakuna akaunti, hakuna namba ya kadi ya benki. Na jambo ambalo wengi hawalijui: hakuna intaneti. Ruta iliyokwisha bando, hata ile isiyowahi kuwekewa laini, inatosha, maana kazi yake hapa ni kupitisha mazungumzo kati ya chumbani na sebuleni.

Mlango huo mdogo kati ya kompyuta na runinga ndio ninaoutetea hapa, kwa sababu katika miaka 20 na ushei iliyopita umefunguliwa na kufungwa mara kadhaa, na uliposhindikwa sababu haikuwa ya kiufundi. Mashine ya gemu ni kompyuta. Ina prosesa, ina kumbukumbu, ina chipu ya picha yenye nguvu kuliko za kompyuta nyingi za ofisini, na imekaa pale pale penye kiti cha mzee na mkeka wa watoto, imechomekwa kwenye skrini kubwa kuliko zote nyumbani. Aliyeinunua ameilipia yote. Kumzuia asioneshe juu yake video iliyomo kwenye kompyuta yake mwenyewe ni uamuzi wa kibiashara, na unastahili kupimwa hivyo, si kufichwa nyuma ya maneno kwamba teknolojia imesonga mbele. Historia ya mashine hizi iko wazi kiasi cha kutuonesha nani alifungua, nani alifunga, na kila mmoja alikuwa anauza nini siku hiyo.

Waliofungua mara ya kwanza hawakuwa watengenezaji. Xbox ya kwanza ya Microsoft iliingia sokoni Marekani tarehe 15 Novemba 2001 ikiwa na prosesa ya jamii ya Pentium III ya megahezi 733, kumbukumbu ya megabaiti 64, diski ya gigabaiti 8 na tundu la waya wa mtandao. Kwa mchezaji ilikuwa mashine ya gemu. Kwa waandishi wa programu ilikuwa kompyuta ya bei nafuu iliyotiwa kufuli. Haikuchukua muda kufuli likavunjwa, na watu waliojitolea, waliotawanyika nchi mbalimbali, wakaandika programu iliyokuja kuitwa Xbox Media Center, kwa kifupi XBMC. Iliweza kuvuta video kutoka kompyuta ya chumbani na kuionesha runingani. Microsoft haikuibariki. Aliyeitaka ama aliifungua mashine kwa bisibisi na kupachika chipu, ama alipenya kupitia kasoro ya usalama iliyoachwa na gemu fulani. Lakini kazi ile haikufa. XBMC ilihama Xbox na kwenda kwenye kompyuta za kawaida. Chipukizi lake moja likawa Plex, inayotumika leo dunia nzima. Yenyewe ikabadilishwa jina kuwa Kodi mwaka 2014, na mwaka 2017 ikarudi kwenye Xbox One kupitia duka la Microsoft lenyewe. Kilichoanza kwa bisibisi kikawa bidhaa inayopakuliwa kwa kubonyeza padi, na kilichobadilika katikati ni ruhusa.

Kampuni zenyewe pia ziliona mapema kwamba nyumba itajaa vifaa visivyosikilizana. Juni 2003, Sony na Intel wakiwa mstari wa mbele, uliundwa umoja uliokuja kuitwa DLNA, ili kamera, kompyuta, runinga na redio za chapa tofauti ziongee lugha moja ndani ya nyumba. Hodi niliyoieleza hapo juu inatoka kwenye msingi uliowekwa kabla ya hapo na kundi jingine la kampuni, na DLNA ikajenga juu yake. Xbox 360 ilipotoka Novemba 2005 iliweza kuchukua muziki na picha kutoka kompyuta ya Windows. Video zikafuata mwishoni mwa 2006, na Desemba 2007 ikaanza kusoma mafaili ya DivX na Xvid, ambayo ndiyo yaliyojaa kwenye kompyuta za watu wakati ule. PS3 ilipata DLNA Mei 2007 kwa sasisho namba 1.80, bure, kwa kila aliyekwisha kununua mashine, na DivX ikafuata Desemba hiyo hiyo. Ilikuwa miaka michache ambayo wapinzani wawili wakubwa walishindana kufungua. Sony ilikuwa na sababu ya wazi: iliuza runinga, kamera na kompyuta za Vaio, na PS3 iliyovisoma vyote hivyo ilivipa thamani. Microsoft iliuza Windows, na Xbox iliyoigeuza Windows kuwa ghala la filamu ilimfunga mteja kwenye Windows. Maslahi ya muuzaji na ya mnunuzi yalielekea upande mmoja, na mlango ukawa wazi.

Wazi, lakini si bila taabu, na hapa inafaa kusogea karibu kidogo, kwa sababu wanaosema mfumo huu ulikufa kwa ugumu wake wanaanzia hapa. Faili la video si kitu kimoja. Chukua faili linaloishia na herufi mkv. Hilo ni kapu tu. Jina lake kamili, Matroska, limetokana na wale wanasesere wa Kirusi wanaokaa mmoja ndani ya mwingine. Ndani ya kapu kuna picha zilizobanwa kwa kodeki moja, yaani mbinu ya kubana, sauti iliyobanwa kwa nyingine, pengine sauti mbili za lugha mbili, na maandishi ya tafsiri. PS3 iliweza kabisa kusoma picha za H.264 zilizokuwa ndani ya mkv nyingi, maana ni mojawapo ya kodeki za diski zake za Blu-ray, lakini kapu lenyewe haikulitambua. Mtu aliona jina la filamu, akalibonyeza, akaambiwa aina hiyo ya data haitumiki. Mwaka 2008 ikatokea programu ya bure iitwayo PS3 Media Server ambayo ilifanya kazi ya ukalimani. Mashine ilipoomba kipande cha filamu, kompyuta ilifungua kapu, ikaisoma picha, ikaibana upya kwa MPEG-2, kodeki ya DVD ambayo PS3 iliifahamu fika, ikapachika maandishi juu ya picha, ikaigeuza sauti, na kupeleka kipande kilichotafsiriwa, yote hayo wakati filamu inaendelea. Aliyemsikia Lufufu akitafsiri filamu ya Kichina kwenye kibanda umiza, au DJ Afro kule Kenya, ataelewa mara moja: mkalimani hasubiri filamu iishe, na akichelewa nusu sekunde ukumbi mzima unajua. Kompyuta yenye prosesa dhaifu ilichelewa. Picha ikaganda na sauti ikakatika. Wi-Fi nayo ilikuwa na mchango wake: PS3 ilitumia ile ya kizazi kinachotajwa kuwa cha megabiti 54 kwa sekunde, ambayo kwa kweli hutoa karibu nusu yake kukiwa hakuna kuta nene, wakati Blu-ray inaweza kudai megabiti 40 kwa picha peke yake. Dawa ilikuwa waya.

Kwa hiyo ni kweli, kulikuwa na ugumu. Ila tazama ugumu huo ulielekea wapi. Prosesa za kompyuta ziliongezeka nguvu, Wi-Fi ikawa na kasi mara kadhaa, kodeki zikapungua hadi mbili tatu zinazoeleweka kila mahali, na programu za kugawa video zikajifunza kutambua mashine iliyopo upande wa pili na kuipa kile inachokiweza. Kufikia mwaka 2013 matatizo mengi ya 2008 yalikuwa yameondoka yenyewe. Ndipo ikaja PlayStation 4.

Mwishoni mwa Oktoba 2013, wiki mbili kabla ya PS4 kuanza kuuzwa Marekani, Sony ilichapisha majibu ya maswali ambayo wateja walikuwa wakiuliza. Miongoni mwake: PS4 haitakuwa na DLNA, haitacheza CD za muziki, haitacheza MP3. Mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, mara 16 ya ile ya PS3, ilishindwa kufanya jambo ambalo mtangulizi wake alilifanya kwa megabaiti 512. Wateja walipiga kelele, na mwezi Juni 2015 Sony ikatoa programu ndogo ya bure ya kuchezea video na muziki kutoka kwenye flashi au kutoka kompyuta ya nyumbani kupitia DLNA. Programu hiyo ilisoma hata mkv, kapu ambalo PS3 ilishindwa nalo miaka yote. Siijui hoja ya kiufundi inayoweza kuhimili tarehe hizo mbili zikiwekwa pamoja. Mashine ilikuwa ile ile. Wakati PS4 inazinduliwa, Sony ilikuwa na huduma zake za kulipia, ya muziki na ya filamu, na mteja anayesikiliza MP3 zake mwenyewe hana haraka ya kulipia muziki kila mwezi. PS5 ilipotoka Novemba 2020 mlango ukarudishwa tena: inasoma flashi, lakini kicheza DLNA cha mfumo wenyewe hakimo.

Kinachouma zaidi ni kwamba aliyeurudisha mlango ni Sony, na si kampuni nyingine yoyote. Mwaka 1976 kampuni za filamu za Universal na Disney ziliishtaki Sony kwa sababu mashine yake ya Betamax iliwawezesha watu kurekodi vipindi vya televisheni nyumbani. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 17 Januari 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4, Sony ilishinda: mtu anayerekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye hatendi kosa, na muuzaji wa mashine yenye matumizi makubwa yaliyo halali habebeshwi kosa la wanaoitumia vibaya. Haki ya familia kukitazama kitu kwa saa yake na kwenye skrini yake ilipata msingi wa kisheria Marekani kwa gharama za mawakili wa Sony. Miaka 29 baadaye kampuni hiyo hiyo, iliyokuwa pia mwanzilishi wa DLNA, ilikuwa na duka lake la filamu, na ikawa na fikra za mwenye duka.

Maduka hayo nayo tumeona yanavyokwenda. Sony iliacha kuuza na kukodisha filamu na tamthilia kwenye duka la PlayStation tarehe 31 Agosti 2021. Mwaka uliofuata wateja wa Ujerumani na Austria waliarifiwa kwamba filamu za StudioCanal walizokwisha kuzinunua, 314 kwa Ujerumani na 137 kwa Austria, zitaondolewa kwenye maktaba zao mwisho wa Agosti kwa sababu za leseni. Desemba 2023 tangazo la namna hiyo likatolewa kuhusu vipindi vya Discovery, zaidi ya misimu 1,200, ambavyo vingetoweka siku ya mwisho ya mwaka. Baada ya hasira za wateja makubaliano mapya yakapatikana, ya angalau miezi 30. Miezi 30 kwa kitu ambacho kitufe chake kiliandikwa nunua. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali aseme wazi pale anapouza leseni tu. Microsoft nayo iliacha kuuza filamu Julai 2025, ingawa iliahidi kwamba zilizokwisha kununuliwa zitaendelea kutazamika, na hilo ni la kusifiwa. Katika matukio yote haya, mwenye faili kwenye diski ya kompyuta yake hakuguswa. Hoja yangu inasimama hapo: mlango kati ya kompyuta na runinga ni njia ya sebuleni ambayo mtu wa tatu hawezi kuifunga akiwa mbali, ilimradi mashine yenyewe imeachwa nao.

Hapo ndipo wenye filamu wanapouliza swali lao, na ni swali la haki: mafaili hayo yametoka wapi? Hatuwezi kujifanya hatujui. Filamu zinanakiliwa mitaani mwetu kwa bei ya soda, mtu anapeleka flashi dukani na kujaziwa, na wasanii wa Bongo Movie wamelia kwa miaka mingi kwamba kazi zao zinauzwa na wasiozitengeneza. Xvid zilizojaa kwenye kompyuta za mwaka 2007, nyingi hazikuwa na risiti. Anayeutetea mlango huu akikwepa ukweli huo hastahili kusikilizwa. Lakini mlango hauulizi kilichopita kimetoka wapi, sawa na kaseti, na mahakama ya 1984 iliangalia kama kifaa kina matumizi halali ya kutosha. Yapo. Kuna video za harusi, sendofu na maulidi, ambazo mpiga picha alizikabidhi kwenye DVD, na ambazo hakuna kampuni ya nje itakayoziweka kwenye huduma yake. Kuna kaseti za kwaya na taarabu zilizohamishiwa kwenye kompyuta. Kuna filamu za Kiswahili za miaka ya 2000 zilizouzwa kihalali kwenye VCD na DVD, na aliyezilipia hana mahali pengine pa kuzichomeka, kwa kuwa kompyuta mpakato nyingi mpya hazina tundu la diski, na PS5 Pro ya mwaka 2024 inauzwa bila tundu hilo. Sheria bado haijatulia kuhusu kunakili diski uliyoinunua: Uingereza iliruhusu nakala ya matumizi binafsi Oktoba 2014, na Julai mwaka uliofuata mahakama ikaifuta ruhusa hiyo. Sitaki kudai kwamba kila nakala ni halali kila mahali. Nadai kwamba video ya harusi yako ni yako, na kuifungia njia ili kumzuia mwizi wa filamu ya Hollywood ni kuwaadhibu wasio na hatia huku mwizi akiendelea na flashi yake, ambayo mashine hizo hizo zinaisoma.

Wapo wanaosema hoja hii imepitwa na wakati kwa sababu filamu zote sasa ziko kwenye intaneti. Inategemea unaishi wapi na unanunua intaneti kwa kipimo gani. Netflix yenyewe inaeleza kwamba saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi gigabaiti 3, na ya Ultra HD hadi 7. Katuni ya saa moja na nusu ni gigabaiti 4 na nusu. Mtoto wa miaka minne haangalii katuni aipendayo mara moja. Anaiangalia hadi anajua kila neno, na mara kumi ni gigabaiti 45 za kitu kile kile, kilichovutwa kutoka mbali kila mara kana kwamba hakijawahi kufika. Mwenye faiba ya malipo ya mwezi hatalihisi hilo. Anayenunua bando la wiki atalihisi Jumanne. Faili hilo hilo likiwa kwenye kompyuta ya nyumbani, mara ya kumi na mara ya mia hazigharimu hata megabaiti moja ya bando. Halafu kuna siku kama Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani, kwa baadhi ya maeneo kwa siku kadhaa. Huduma za kulipia zilikuwa zinazunguka tu kwenye skrini. Mazungumzo kati ya kompyuta ya chumbani na mashine ya sebuleni hayapiti baharini.

Umeme ni pingamizi zito zaidi, na ninalikubali kwa sehemu. PS3 za mwanzo zilikula kati ya wati 170 na 200, kwa hiyo filamu ya saa mbili inamaliza karibu uniti 0.4 za LUKU kabla hujahesabu kompyuta na runinga. Kijiti cha kuchomeka nyuma ya runinga kinatumia wati chache tu kwa kazi ile ile. Runinga nyingi za Samsung na LG zina DLNA ndani yake, na programu ya VLC kwenye simu au runinga ya Android itaiona kompyuta ya nyumbani bila shida. Mwenye vifaa hivyo avitumie, na PS3 aiachie gemu. Hilo halinidhoofishi, kwa sababu sikuanza kutetea boksi fulani. Mashine ya gemu inatufundisha kwa kuwa historia yake imeandikwa kwenye masasisho yenye tarehe, lakini runinga nazo zinasasishwa kutoka mbali na nazo zina maduka ndani yake, na kilichotolewa kwenye PS4 kinaweza kutolewa kwenye runinga vile vile. Sony iliwahi kuondoa, kwa sasisho la tarehe 1 Aprili 2010, uwezo wa kuweka Linux kwenye PS3 ambazo watu walikwisha kuzinunua na uwezo huo, na wateja wakaipeleka mahakamani.

Usalama nao usipuuzwe. DLNA haina neno la siri, kwa hiyo yeyote aliyepewa Wi-Fi yako anaweza kuona folda uliyoigawa. Picha za ndani na nakala za vitambulisho zikae folda nyingine. Na lugha ya hodi haikukusudiwa kusikika nje ya nyumba. Mwaka 2013 watafiti wa kampuni ya Rapid7 walikuta zaidi ya anwani milioni 80 za intaneti zikiitikia hodi hiyo kutoka nje, nyingi zikiwa ruta zenye programu mbovu. Ruta inayojibu mgeni wa barabarani ni ya kusasishwa, au kuzimiwa uwezo huo upande wa nje, na video za sebuleni zitaendelea kama kawaida.

Leo hali iko hivi. DLNA kama umoja ilivunjwa mwaka 2017, lakini lugha yake haikufa, na Windows 10 na 11 bado zinaweza kugawa video nyumbani. Uwezo huo umezimwa na unasubiri kuwashwa kwenye mipangilio ya mtandao. Xbox One na Xbox Series zina kicheza video kinachoisikia kompyuta, na pia zina VLC na Kodi. PS4 ina ile programu ya 2015. Kwenye PS5 njia iliyo rahisi ni Plex, inayohitaji akaunti, na Plex nayo ni biashara: tangu tarehe 29 Aprili 2025 kutazama mafaili yako ukiwa mbali na nyumbani kumewekewa malipo, na leseni ya maisha ikapanda kutoka karibu dola 120 hadi 250, ingawa ndani ya nyumba bado ni bure. Asiyetaka kuwekwa mkononi mwa kampuni moja ana Jellyfin, iliyoanza Desemba 2018 baada ya wenye Emby, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, kuufunga msimbo wao, na waliokuwa wakiuchangia wakachukua nakala ya mwisho iliyo wazi na kuendelea nayo. Haina akaunti ya kulipia na haimtegemei mwenye duka yeyote. Kwa hiyo anayesimama mbele ya kaunta Kariakoo au Luthuli Avenue akichagua kati ya mashine mbili, akishamaliza kuuliza bei na idadi ya padi, amwambie muuzaji aichomeke kwenye runinga, aiunganishe na ruta ya dukani ikiwa imetolewa laini, na amwoneshe inavyoiona kompyuta iliyoko pembeni.